Karanga Bustanini: Tunza Maua, Utavuna

Mimi karanga huzipanda kwenye udongo wa kichanga uliotifuliwa vizuri. Udongo mgumu ndio adui wake mkubwa. Chagua mbegu mbichi, zisizokaangwa. Zibangue siku ya kupanda, na ile ngozi nyekundu usiichubue, maana mbegu iliyochubuka huoza upesi. Fukia kina cha sentimita 4 hadi 5, mche hadi mche sentimita 15 au 20. Mbolea ya kukuzia majani siweki.

Kazi yenyewe iko kwenye maua. Ua la njano likishachavushwa hunyauka, kisha hutoa kikonyo kinachoinama na kuzama ardhini. Karanga hujiunda huko chini. Kwa hiyo palilia mapema, inulia udongo laini kwenye mashina, na vikonyo vikianza kushuka weka jembe kando kabisa. Magugu ng'oa kwa mkono, tena taratibu. Maji yasikosekane wakati huo.

Majani yakigeuka njano, ng'oa shina moja upasue maganda: yakiwa na weusi ndani, zimekomaa. Anika mpaka zilie ukizitikisa. Zenye ukungu tupa, hata kuku usiwape. Kukaanga hakumalizi sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo.