Unataka kutoa mfupa baada ya kubadilishiwa nyonga? Zingatia haya kabla

Ukibadilishiwa nyonga, daktari hukata kichwa cha mfupa wa paja na kukuwekea cha bandia. Kile kilichotolewa kwa kawaida huishia kwenye tanuri la taka za hospitali. Lakini kikichukuliwa kwa usafi na kugandishwa kwenye nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri, kinaweza kusagwa na kuzibia pengo kwa mgonjwa mwingine, kwa mfano yule ambaye nyonga yake bandia ya kwanza imelegea na kuula mfupa. Wewe huongezewi mkato wowote.

Uliza mapema kama hospitali yako ina benki ya mifupa au inashirikiana na iliyo nayo, maana si zote. Uliza ukiwa kliniki, usingoje uko kwenye machela unasukumwa thieta.

Sema ukweli wote wa afya yako: saratani, kifua kikuu, homa ya ini, baridi yabisi, dawa za kushusha kinga, maambukizi yoyote kwenye nyonga hiyo. Wakikukataa usiudhike. Anayelindwa ni atakayeupokea.

Damu yako itapimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya B na C, na kaswende. Kama hujajiandaa kuyasikia majibu, usitie sahihi kwanza.

Soma fomu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka idhini ya maandishi, na idhini ya upasuaji si idhini ya kutoa mfupa. Hulipwi hata shilingi, na wewe pia usilipishwe; kagua bili.

Sasa hili la kupatikana kwa simu ukishatoka hospitalini, tafadhali lishike. Mtu akiwa ameambukizwa juzi tu, kipimo kinaweza kukosa kuonyesha. Ndiyo maana benki nyingi huuzuia mfupa siku 180 hadi mtoaji apimwe damu mara ya pili. Asipopatikana, mfupa hutupwa. (Kuna benki zenye vipimo vya kisasa zaidi ambazo hazisubiri hivyo; uliza yako inafuata utaratibu upi.)

Shangazi yangu wa Kayole alitoa wake kwa moyo mmoja. Akatoka hospitalini, akaenda Mwatate kuuguzwa na binti yake. Aliyemjazia fomu aliandika namba moja tu, ya shangazi mwenyewe, na hakuna aliyemweleza kwa lugha inayoeleweka kwamba miezi sita baadaye angehitajika tena. Hospitali ikapiga kwa simu ya mezani, zile namba za 020. Shangazi alishawahi kuibiwa pesa za M-Pesa na matapeli, hivyo namba asiyoijua hapokei. Akaiblok. Aliporudi kliniki kukaguliwa mguu ndipo akaambiwa mfupa umeshateketezwa. Alikaa kwenye benchi la korido, fimbo mapajani, akauliza, "Kwani hata meseji hawangeniandikia?" Kina mama wa kanisani kwake alikuwa ameshawaambia kwamba mfupa wake utamsimamisha mtu. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, kwa sababu kilichokosekana ni kichupa kimoja cha damu.

Kwa hiyo andikisha namba mbili, yako na ya mtu asiyepuuza simu. Omba namba watakayotumia kukupigia, ihifadhi kwa jina la hospitali. Tarehe ya kipimo cha pili iandike kwenye kalenda ya ukutani, na uliza kama damu inaweza kutolewa karibu na utakakokuwa ukiuguzwa. Usiondoke wodini bila majibu ya hayo.

Ujue pia kwamba kipande cha mfupa huo huoteshwa maabara kutafuta bakteria. Wakiwapata, una haki ya kuambiwa, kwani huenda na wewe ukahitaji kuangaliwa.

Mengine ni ya kila aliyebadilishiwa nyonga. Viti vifupi vya jikoni viache kwa wiki za mwanzo, usikunje nne, usiiname kuokota kitu sakafuni. Ondoa mikeka inayoteleza. Matatu yenye ngazi ndefu usizipande mpaka daktari aseme. Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa maji, au homa ikipanda, rudi hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.