Anza safari ya skii ukiukabili upepo
Kwa mnaokwenda skii (kuteleza juu ya theluji) milimani Norwei, hasa sehemu za wazi kama Finse na Hardangervidda: fungua Yr, huduma ya utabiri wa hali ya hewa ya Norwei, angalia upepo unatoka wapi, kisha anza safari ukiukabili. (Mshale wa Yr huonyesha upepo unakoelekea, usichanganye.) Asubuhi una nguvu na nguo kavu, wakati wa kurudi umechoka, fulana imelowa jasho, basi upepo ukusukume mgongoni. Nyuzi -10 zenye upepo wa mita 10 kwa sekunde mwili huzihisi kama -20, na mashavu hufa ganzi mapema. Mbinu hii haifai upepo ukitabiriwa kugeuka mchana, kwa hiyo soma utabiri wa saa kwa saa. Theluji ikipeperuka hadi kijiti cha mbele kinachoonyesha njia hukioni, rudi hapo hapo.