Lugha na jukwaa la zana ya kusimamia PostgreSQL: anza na draiva

Kabla hamjabishana lugha iwe Go au Python, orodhesha kazi za zana hiyo ya kusimamia hifadhidata ya PostgreSQL na mahali kila kazi itakapofanyikia: kuona nani ameunganishwa, kusimamisha kwiri (ombi kwa hifadhidata) iliyokwama, kuchukua nakala rudufu, kufungua jedwali lenye rekodi milioni kumi. Lugha unayoipenda si kigezo. Vigezo ni draiva inayoongea na hifadhidata, na mashine ambayo zana itakaa.

Kwa PostgreSQL draiva nzuri zipo: psycopg kwa Python, pgJDBC kwa Java, pgx kwa Go, Npgsql kwa C#, node-postgres kwa JavaScript. Psycopg hutegemea libpq, maktaba ya C. Draiva za Java, Go na C# huongea na seva zenyewe, kwa hiyo usakinishaji una kitu kimoja pungufu cha kuharibika.

Usiandike skrini hata moja kabla ya kuijaribu draiva kwa mambo matatu.

La kwanza ni namba kubwa. Weka 9007199254740993 kwenye safuwima ya bigint (namba nzima kubwa), isome, kisha iandike tena. Namba ya kawaida ya JavaScript itaigeuza kuwa 9007199254740992. Ndiyo maana node-postgres hurudisha bigint kama maandishi; hatari huja pale mwandishi wa programu anapoyageuza kuwa namba mwenyewe. Katika zana ya usimamizi kosa hili ni zito: mtu anahariri rekodi moja, inayobadilika ni ya jirani. Fedha za aina ya numeric (desimali kamili) nazo zisipitie kwenye float (desimali ya kukadiria) kamwe.

La pili ni jedwali kubwa, na hapa ndipo wengi hunasa. Kwa kawaida libpq hukusanya matokeo yote kwenye memori ya mteja kabla ya kukupa rekodi ya kwanza. SELECT * moja kwenye jedwali la GB 5 inatosha kuiangusha kompyuta ya mezani. Kwenye psycopg dawa ni conn.cursor(name="orodha"), ambayo huyaacha matokeo kwenye seva nawe ukayavuta kwa mafungu. Kwenye pgJDBC ni setFetchSize(1000), lakini haifanyi kazi mpaka autocommit (kuthibitisha kila amri papo hapo) izimwe. Watu huiweka, memori inajaa vilevile, wakailaumu Java. Njia zote mbili huacha muamala (transaction) wazi, na muamala ulioachwa wazi saa nzima huizuia VACUUM, kazi ya usafi ya PostgreSQL, kuondoa rekodi zilizokufa. Kwa skrini ya kuvinjari jedwali, tunashauri WHERE id > ya mwisho ORDER BY id LIMIT 200. Muamala unafungwa papo hapo.

La tatu ni kusimamisha. Endesha SELECT pg_sleep(60), kisha bonyeza kitufe cha kusitisha. Muunganisho uliokwama hauwezi kupokea amri nyingine, hivyo amri ya kusitisha lazima ipite kwenye muunganisho wa pili. Dirisha likiganda sekunde 60, muundo wako una kasoro: kwiri inaendeshwa kwenye uzi (thread) uleule unaochora skrini. Anza na pg_cancel_backend, inayositisha kwiri tu. Pg_terminate_backend iwe ya mwisho, kwa sababu inakata muunganisho wote.

Sasa jukwaa. Kama mnaingia kwenye seva kwa SSH tu, tengeneza zana ya terminali kwa Go:

CGO_ENABLED=0 GOOS=linux GOARCH=amd64 go build

Unapata faili moja, unaipeleka kwa scp. Ukiacha CGO (kuunganisha msimbo wa C) imewashwa na kukompaili kwenye mashine mpya, seva ya zamani inaweza kuikataa kwa kukosa toleo la glibc, maktaba ya C ya Linux. Python inawezekana pia, ila utabeba mzigo wa matoleo tofauti kwenye kila seva.

Kama mnasimamia Oracle, MySQL na PostgreSQL pamoja, Java inashinda kwa sababu ya JDBC, kiolesura kimoja cha Java kwa hifadhidata nyingi: ndiyo njia ya zana ya DBeaver. pgAdmin, zana ya kusimamia PostgreSQL, nayo ina somo: toleo la III lilikuwa la C++, la 4, lililotoka mwaka 2016, liliandikwa upya kwa Python na JavaScript, na msimbo uleule ukaweza kukaa mezani au kwenye seva.

Zana ya kivinjari ni rahisi kusasisha, lakini sasa kuna mashine moja inayoshika funguo za hifadhidata zote. Ifunge kwenye 127.0.0.1, kisha watu waifikie kwa ssh -L 8080:127.0.0.1:8080. Dhibiti idadi ya miunganisho: max_connections (kikomo cha miunganisho ya seva) huanzia 100, na 3 kati yake huwekwa akiba kwa superuser (msimamizi mkuu). Miunganisho miwili kwa kila mtumiaji inatosha. Weka application_name, ili zana ijitambue yenyewe kwenye pg_stat_activity, orodha ya walioungana na seva.

Nakala rudufu usiziandikie msimbo wako, iite pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kazi hiyo. Lakini pg_dump ya 14 hukataa seva ya 16, kwa hiyo kifurushi lazima kibebe pg_dump ya toleo jipya kuliko seva zenu zote, au sawa nalo. Hapo uzuri wa faili moja ya Go unapungua. Lipange hilo mapema.

Ukishachagua, jenga kwanza skrini moja tu: orodha ya pg_stat_activity yenye kitufe cha kusitisha. Ikikuchukua zaidi ya siku mbili, badilisha lugha wakati msimbo bado ni mdogo.