Kidumbak na gitaa la umeme, kwa njia ya Wamongolia

Anzeni bila umeme. Kidumbak ni muziki wa ngoma wa Zanzibar, ndugu wa taarab: fidla, vidumbaki viwili (ngoma ndogo), cherewa (manyanga), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na sanduku (besi ya sanduku, uzi na fimbo) wapige wimbo mzima, beti na viitikio, mpaka usimame wenyewe. Gitaa lije baadaye. Ndivyo walivyojipanga The Hu, bendi iliyoundwa Ulaanbaatar mwaka 2016: mbele wamekaa wapigaji wa ala za kwao, pamoja na morin khuur, kinanda cha nyuzi mbili chenye kichwa cha farasi, na magitaa na dramu yanawazunguka. Bendi nyingi hufanya kinyume. Hupiga roki, kisha humwita mpiga fidla aje kutia nakshi, na wimbo ukiisha hakuna aliyemsikia.

Kuna jambo moja la Wamongolia ambalo halichukuliki hivi hivi. Nyimbo zao nyingi hutembea juu ya sauti tano zisizo na nusu-sauti, kwa hiyo gitaa halina pa kugombana nazo. Sisi tuna makamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu. Makamu za Rast na Bayati zina robo-sauti, yaani nusu ya nusu-sauti, na freti za gitaa, vile vyuma vya shingoni, hazina. Fidla ikigusa sauti ya tatu ya Rast huku gitaa limeshika kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) kamili ya meja, utasikia ugomvi, na lawama ataangushiwa mwenye fidla bure. Dawa yake ni gitaa kupiga sauti ya kwanza na ya tano tu, ya tatu liiachie fidla.

Kwa wimbo wa kwanza chukueni makamu ya Hijaz inayoanzia re, ambayo haina robo-sauti: re, mi flati, fa shapu, sol, la, si flati, do. Legezeni uzi mnene wa gitaa kutoka mi hadi re. Hapo kidole kimoja kinalaza nyuzi tatu nene, na re inaitikiana na uzi mtupu wa fidla. Gitaa lizunguke re, mi flati, sol na do, kila moja na sauti yake ya tano. Liepuke fa shapu, la na si flati, maana sauti ya tano ya kila moja haimo ndani ya Hijaz.

Sanduku na gitaa la besi hawakai nyumba moja. Wakipiga pamoja chini kunakuwa matope, kwani sauti ya sanduku huteleza kila fimbo inapopinda. Mpeni sanduku beti, besi aingie kwenye kiitikio.

Dramu ifuate mkwasa. Kidumbak hupanda kasi wimbo unavyokolea. Mkifunga mwendo kwa mashine, wachezaji watakaa chini. Mkianza na mapigo 100 kwa dakika, mkimaliza na 120 hakuna kosa. Mpiga dramu aweke teke (ngoma kubwa ya mguu) na tomu (ngoma za mlio mzito), snea (ngoma ya mlio mkali) aipunguze, kwa sababu mlio wake unaangukia palepale vinapolia vidumbaki.

Sasa sauti. Distoshini, ule mkwaruzo wa gitaa, ianze 3 kati ya 10. Ukiijaza, gitaa linatanda katikati na fidla inazama, na kuiongeza fidla kwenye miksa kutaleta mluzi wa spika tu. Punguza gitaa desibeli 3 au 4 kati ya hezi 1,000 na 3,000. Kwenye fidla, kateni sauti zote zilizo chini ya hezi 150. Uzi wake mnene kabisa uko karibu na 196, hampotezi kitu. Pikapu ya piezo, kinasa sauti cha kubandika kwenye fidla, ipitishwe kwenye priampu (kikuza sauti cha awali) yenye ukinzani wa megaomu 1. Ikiingia moja kwa moja kwenye miksa, sauti hutoka nyembamba, kama inatoka kwenye kopo.

Masika ngozi za vidumbaki hulegea kwa unyevu. Zipasheni moto kwa mbali dakika chache kabla ya kupanda jukwaani, na tena kati ya nyimbo. Maiki ikae kama sentimita 5 kutoka kwenye ngozi.

Uimbaji wa koo, ule wa mtu mmoja kutoa mvumo chini na mluzi juu yake, msiuige. Unafunzwa kwa miaka, na wa kubahatisha huchubua koo. Mvumo mnaweza kuupata kwa waitikiaji watatu wakishika re ya chini kwa mdomo uliofumbwa, wakipokezana pumzi.

Pedali za gitaa ziwekeni pembeni, nyuma ya spika, na waya zibandikwe sakafuni kwa utepe. Wimbo ukiwakolea, watu watakuja mbele kumtunza mwimbaji, na hakuna atakayeangalia anakanyaga nini.