Somo: Moyo Unavyopata Damu Yake Ukila, Ukifanya Mazoezi au Ukitumia Dawa

Ukiwa na mgonjwa nyumbani anayebanwa kifua akitembea, fuatana nami.

Kwanza, moyo haujilishi kwa damu iliyomo ndani yake. Unalishwa na mishipa ya koronari iliyouzunguka kwa nje. Upande wa kushoto hupata damu zaidi moyo unapolegea kati ya pigo na pigo, kwa sababu ukijikaza huibana mishipa yake wenyewe. Mapigo yakienda mbio, nafasi hiyo hufupika. Shika hapo, mengine yote yanatokana na hilo.

Pili, mazoezi. Mtu akitulia, mishipa hiyo hupitisha kama mililita 250 kwa dakika, na moyo tayari huchukua takriban asilimia 70 ya oksijeni iliyomo. Akiongeza kazi, lazima mishipa itanuke. Kwa mtu mzima wa afya damu huongezeka hata mara nne. Mshipa uliosinyaa hauwezi. Mgonjwa aanze na mwendo wa polepole dakika 5 hadi 10, na kifua kikibana asimame papo hapo.

Tatu, chakula. Akishashiba, tumbo na utumbo hudai damu nyingi, moyo nao husukuma zaidi. Sahani ya pilau iliyofurika, kisha kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu: wengi hubanwa hapo. Ale kidogo, apumzike saa moja au mbili.

Nne, dawa. Atenolol na bisoprolol hupunguza mapigo, asiziache ghafla. Naitrogliserini, kidonge cha chini ya ulimi cha kutuliza kifua kinapobana, aiweke akiwa ameketi, maana presha hushuka. Dakika 5 zikipita bila nafuu, mkimbizeni hospitali.

MASWALI

*Dokta, baba anatumia atenolol, akitembea mapigo hayapandi sana. Imemdhuru?*
Hapana, ndiyo kazi yake. Asipime mazoezi kwa mapigo. Akiweza kuongea huku anatembea, mwendo unamfaa.

*Mjomba anatafuna mirungi, anasema inampa nguvu.*
Inaharakisha mapigo na kukaza mishipa kwa wakati mmoja. Kwa moyo wake ni hatari kweli, aache.

*Naona aibu kuuliza. Dawa za nguvu za kiume je?*
Usione aibu, swali lako linaokoa watu. Sildenafil pamoja na naitrogliserini huangusha presha hadi mtu akafa. Aliyemeza sildenafil asiwekewe kidonge hicho ndani ya saa 24. Kwa tadalafil, dawa nyingine ya aina hiyo, ni saa 48. Akibanwa kifua, mwambieni daktari alichomeza, hata kama wageni wamejaa chumbani.