Kabla ya kuitisha mkutano, tazama mwezi

Mdogo wangu, kama shirika limekutuma upeleke mradi wa vichanja vya kuanikia dagaa katika kijiji cha ufukweni huku Kigoma, usipange tarehe ya mkutano ukiwa ofisini. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika na watu wanapatikana. Ukienda siku za giza utawakuta mwenyekiti, mtendaji na wazee wasiovua, kisha utaandika kwenye ripoti kwamba jamii imeshirikishwa.

Kisheria, wenye kauli ya mwisho kijijini ni mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Halmashauri ya kijiji, watu 15 hadi 25, haitoshi hata kama imekupokea kwa wali na migebuka. Ila usianzie mkutanoni. Pita kwanza vitongojini, ukae na akina mama asubuhi wakigeuza dagaa wao mchangani, kwa kuwa mbele ya umati wengi watanyamaza. Uliza nani ananunua, nani anaanika, na nani anashika hela jioni. Utajua haraka nani wa kuongoza.

Sasa hela, na hapa ndipo mashirika hujificha. Wananchi wanaachiwa wachague mahali pa kusimika kibao cha mradi, bajeti inabaki mjini. Wewe isome yote mkutanoni kwa sauti, pamoja na mafuta ya gari na posho yako. Watanung'unika, na wana haki. Kamati waichague wenyewe. Akaunti iwe ya kikundi, na waanikaji wawe wengi kati ya watia saini. Wao ndio waende kuulizia bei ya nguzo na nyavu, wao ndio wabandike risiti kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Mchoro wa fundi wa mjini wakiukataa, usibishe. Kichanja kikiwa kipana kuliko mkono wa mwanikaji, dagaa wa katikati hawageuziki, na anayelijua hilo ni yeye.

Jambo moja waambie mapema: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wakae na BMU, yaani kikundi cha wananchi kinachosimamia uvuvi ufukweni, pamoja na mtendaji, waamue vichanja vikae wapi, au viwe vya kuhamishika.

Na wakisema hawataki vichanja, wanataka maji? Mwandikie mfadhili hivyo hivyo, uambatanishe muhtasari wa mkutano wenye muhuri wa kijiji. Mwandikie kabla fedha hazijaingia. Zikishaingia, kijiji kizima kitakubali chochote ulicholeta.