Kwenda fildi ubalozini Addis Ababa

Kwa Mtanzania anayesoma diplomasia, Addis Ababa ni kituo chenye kazi nyingi, maana ubalozi wetu pale unashughulika na Ethiopia na papo hapo na Umoja wa Afrika. Omba nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, miezi minne hadi sita kabla, ukiambatisha barua ya chuo, wasifu usiozidi kurasa mbili na nakala ya pasipoti. Taja tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Afadhali ufike Januari: Februari ni mkutano wa wakuu wa nchi, na wakati huo hakuna mwenye nafasi ya kukufundisha chochote.

Uliza kwa maandishi kuhusu posho, malazi na aina ya viza. Ukijibiwa "utajitegemea", amini. Usiingie kwa viza ya utalii ukidhani ubalozi utarekebisha mambo baadaye. Wewe si mwanadiplomasia, na kinga za Mkataba wa Vienna wa 1961 hazikufuniki. Beba sweta pia, kwani mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari.

Siku za kwanza huenda ukawekwa masijala. Usinune. Ukijua barua inaingiaje, inapewa namba gani na faili linakwenda kwa nani, umeshaujua ubalozi nusu. Hati isipigwe picha kwa simu, isiingie kwenye flashi yako wala kwenye kundi la WhatsApp, hata kama haina muhuri wa "SIRI".

Kazi itakayokupima ni nota, yaani barua rasmi ya ubalozi kwenda wizara ya mambo ya nje ya nchi mwenyeji. Huandikwa kwa nafsi ya tatu: Ubalozi unatoa salamu zake kwa Wizara, una heshima ya kuijulisha jambo fulani, kisha unatumia fursa hiyo kuihakikishia heshima yake ya juu. Hakuna "Ndugu", hakuna "mimi", wala sahihi kamili. Kuna herufi za mwanzo za jina la ofisa na muhuri. Chukua nota ya zamani kwenye faili, ubadilishe kiini. Ajali ya kawaida hutokea hapo hapo: kiini kimebadilika, lakini namba ya kumbukumbu au jina la wizara limebaki la barua ya zamani. Yasome hayo mawili mwisho, kwa sauti.

Tarehe nazo zina mtego. Kalenda ya Ethiopia ina miezi 13 na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Cheti kilichoandikwa 1/1/2017 kwa kalenda yao ni cha 11 Septemba 2024. Ukipokea hati ya ofisi ya huko, uliza ni kalenda ipi kabla ya kujaza fomu. Kwa saa, Mswahili ana bahati: Wahabeshi wanahesabu kama sisi, saa tatu ya asubuhi ni saa tatu. Lakini mialiko ya Umoja wa Afrika hufuata saa za kimataifa, na "3:00 pm" ni saa tisa alasiri. Kwenye shajara ya balozi andika zote mbili.

Majina: la pili ni la baba, si la ukoo. Mwanamume huitwa Ato, yaani Bwana, na jina lake la kwanza. Ukimwita kwa la pili umemwita babake. Ukiagiza chakula cha wageni Jumatano au Ijumaa, kumbuka Waorthodoksi wengi wamefunga, hawali nyama wala maziwa.

Ukipelekwa mkutanoni, kaa viti vya nyuma, usiseme. Ripoti iwe ukurasa mmoja, siku ile ile: nani alisema nini, kipi kimeamuliwa, Tanzania inatakiwa kufanya nini na lini. Hotuba za ufunguzi ziruke. Kama hukusikia vizuri nchi fulani ilisimama upande gani, muulize ofisa uliyekwenda naye kabla hamjashuka kwenye gari.